Mazurka ya kukumbatiana: niliyojifunza kwa kukanyaga watu

Jioni ya kwanza nilipoingia kwenye ukumbi wa balfolk, yaani jioni za kucheza ngoma za kiasili za Ulaya, mjini Ghent, Ubelgiji, nilijiona nimeshahitimu. Mtu aliyekulia Nyeri, akacheza rumba katika kila harusi ya ukoo, atashindwa na kodiani na fidla? Wimbo ulipokwisha, mama wa makamo niliyekuwa nacheza naye aliinama akajisugua vidole vya mguu, kisha akaniambia kwa upole kwamba nafika kabla ya muziki.

Nimekaa na maneno hayo miaka sita. Kama unaanza leo, anzia hapo.

Ngoma yenyewe ina safari ndefu. Mazurka ni ya Mazovia, Poland. Katika karne ya 19 ilifika kwenye kumbi za Paris, ikateremka hadi vijiji vya Gascony na Auvergne, hukohuko Ufaransa, ikavuka bahari hadi Cape Verde na Martinique, na huko bado inachezwa. Wachezaji wa siku hizi, wengi wao wakiwa wamepitia madarasa ya tango, ile ngoma ya kukumbatiana ya Argentina, wakaipunguza mwendo na kuanza kuicheza kifua kwa kifua. Milano, mwishoni mwa miaka ya 2000, watu walianza kukutana usiku kwenye viwanja vya mji na kuicheza hapohapo juu ya mawe. Waliiita mazurka klandestina, yaani ya kificho, ingawa sijui kificho gani hicho chenye kodiani.

Sasa miguu. Hesabu ni tatu, mara mbili. Anayeongoza: moja, mguu wa kushoto, mbili, wa kulia, tatu, hukanyagi popote. Mwili unainuka kidogo juu ya mguu wa kulia, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema neno, na wa kushoto unaning'inia. Halafu kushoto, kulia, kushoto, mkizunguka nusu duara kama kwenye walzi. Kisha yote yanarudiwa kwa kuanzia mguu wa kulia. Anayefuata anafanya vivyo hivyo kwa mguu wa upande wa pili.

Shida yote iko kwenye ile tatu tupu. Sisi tuliolelewa na muziki wa hesabu ya nne, uzito ukiwa nyongani na magoti yamelegea, tukiona nafasi tupu tunaijaza. Nilikuwa natupia hatua ya ziada bila kujua, na hiyo ndiyo iliyotua juu ya vidole vya yule mama. Nilijitibu jikoni. Nikibandika maji ya ugali, navaa soksi, nasimama kwenye vigae, nahesabu kwa sauti: moja, mbili, juu, moja, mbili, tatu. Usiruke. Ukisikia kisigino chako kikigonga sakafu, umeruka. Maji yakichemka, unga unaingia na darasa limekwisha. Ilinichukua kama miezi miwili hadi ile "juu" ikawa inakuja yenyewe.

Kitu cha ajabu ni kwamba nilikuwa na msaada nyumbani na sikuujua. Babu yangu alicheza mwomboko, ngoma ya Wagikuyu ya wawili wawili iliyovuma miaka ya 1940, kwa kodiani na karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa. Hatua mbili, kisha goti linakunjwa. Mwomboko unashuka pale mazurka inapopanda, lakini ile subira kati ya hatua na hatua ni ileile. Kama kwenu kuna mzee aliyecheza mwomboko, muombe akuonyeshe kabla hujalipia darasa lolote.

Kuhusu tango, chukua machache. Chukua kumbatio, chukua kutembea, chukua kusimama kimya katikati ya wimbo. Mikogo ya kurusha miguu iache Buenos Aires. Mimi niliwahi kutaka kujionyesha kwa gancho, ile ndoano ya mguu kati ya miguu ya mwenzako, ukumbi umejaa. Kisigino kilimpata jamaa wa nyuma yangu kwenye muundi. Nusu saa nzima nilikaa naye pembeni nikimshikilia barafu iliyofungwa kwenye kitambaa cha baa.

Mlango rahisi wa kuingiza tango ni huu: tango ina ndugu yake wa hesabu ya tatu, vals, na humo wachezaji hukanyaga zaidi pigo la kwanza tu. Kwa hiyo ukipotea katikati ya mazurka, usihangaike kuitafuta hatua. Tembea. Mguu mmoja kwa kila "moja", pumua mbili na tatu, hadi sentensi ya muziki iishe na mpya ianze. Hakuna atakayejua kama umepotea au umechagua. Baadaye utaweza kumwongoza mwenzako kwenye ocho, ile nane inayochorwa kwa miguu, kwa kumgeuza wakati ule wa "juu". Unamgeuza kwa kifua chako. Mkono ulio mgongoni mwake hausukumi kitu. Upo ili ajue uko wapi.

Kumbatio lenyewe ndilo linalotushtua tuliotoka kwetu. Kumkumbatia mtu usiyemjua, macho mmefumba, dakika nne? Nyumbani wazee wangekuwa wameshaitwa. Hapa wimbo ukiisha mnasema asante na kila mtu anakwenda zake, kwa kawaida kumtafuta mwenzi mwingine, tofauti na milonga, yaani jioni ya kucheza tango, ambako mnakaa pamoja nyimbo tatu au nne. Usiyachukue kama mapenzi. Anza kwa nafasi kati yenu na umwache mwenzako aamue kama ataisogelea. Kila mmoja asimame kwa miguu yake. Wako watu wanaoegemea kama gunia la mahindi. Mwanamke atakuja kukuomba wewe, mwanaume pia, na jibu la "hapana, asante" linapokelewa bila maelezo. Upande huo nimeupenda kuliko nilivyotarajia.

Madogo nayapitia haraka. Zungukeni ukumbi kinyume cha mwendo wa saa kama wengine. Beba shati la pili. Kabla ya ngoma kuanza mara nyingi kuna saa moja ya kuwafundisha wageni, na sijui kwa nini watu huchelewa hiyo hiyo. Ukiweza kufika Gennetines, Ufaransa ya kati, kwenye tamasha la balfolk la majira ya joto, utacheza juu ya sakafu za mbao chini ya mahema hadi miguu ikatae.

Viatu ndivyo nilivyopuuza zaidi. Raba za michezo hung'ang'ania sakafu. Mwili unageuka, goti linabaki. Niliumwa goti la kulia msimu mzima kabla ya kununua viatu vya soli ya ngozi.

Mwaka jana nilicheza tena na yule mama, mazurka ya mwisho, taa zimepunguzwa. Wimbo ulipokwisha alibaki amefumba macho kidogo, kisha akatazama chini na kuniuliza viatu vile nilivinunua wapi.