Simu ya taslimu, laini mbili

Mdogo wangu ni mvuvi hapa Lamu. Alichukua simu ya kulipa kidogo kidogo: kianzio shilingi 2,500, kisha 50 kila siku kwa mwaka mzima. Hamsini ukiisikia ni kama bei ya mahamri. Ipigie hesabu: mara 365 ni 18,250, na kianzio 20,750. Simu hiyohiyo kwa taslimu ilikuwa 13,000.

Tena pesa si kitu. Walikwenda dago, yaani kambi ya uvuvi, upande wa Kiunga, mtandao haushiki, malipo yakalala siku kadhaa. Kurudi, simu imejifunga, kiooni hakuna ila deni. Laini aliweza kuichomoa, lakini nambari ya mnunuzi wake alikuwa ameihifadhi kwenye simu, si kwenye laini. Samaki wako kwenye barafu, naye anazunguka gatini akiulizia nambari.

Mimi nami nisijitie ujanja. Nilinunua Mombasa simu ya mtumba, ile wanayoiita eks-yukei, yaani iliyotumika Uingereza. Muuzaji akanionyesha video kwa waifai ya dukani, nikalipa. Nilipofika Mokowe, gati ya bara ya kuvukia Lamu, na kutia laini yangu, ikadai nambari ya siri ya kufungulia mtandao. Uingereza imekataza kampuni za simu kuuza simu zilizofungwa hivyo, zikubali laini za kampuni moja tu, tangu Desemba 2021, ila za kabla ya hapo bado zimo masokoni kwetu.

Kwa hiyo siku hizi silipi kabla sijatia laini yangu mwenyewe palepale, nikapiga simu na kufungua intaneti bila waifai. Kisha nabonyeza *#06# na kulinganisha nambari inayotokea, yaani IMEI, nambari ya utambulisho wa simu, na ile ya kwenye boksi na risiti. Ikiwa ni mtumba, akaunti ya mwenyewe wa kwanza aifute mbele yangu. Asipoweza, namrudishia simu yake.

Na iwe ya laini mbili. Hapo ndipo utakaponishukuru ukivuka Lunga Lunga kwenda arusini Tanga. Laini ya Kenya iache ndani ili ujumbe wa benki ukufikie, lakini izimie data, maana data ya ugenini hula kredi kama mchwa. Huduma ya kuitumia nje ya nchi hakikisha imewashwa ungali nyumbani. Laini ya Tanzania inunue kwenye duka la kampuni yenyewe, uende na pasipoti, utachukuliwa alama za vidole. Kijana wa stendi akikwambia anayo iliyokwisha sajiliwa, mwambie ahsante upite: hiyo ina jina la mtu mwingine, na ikizimwa huna pa kulalamikia.

Kwenye boti ya Mokowe, maji ya chumvi ndiyo adui. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, basi mimi huitia simu kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, nikafunika. Abiria wenzangu hunicheka.