Pedi ya gemu katengeneza yeye, wanaocheza kaka zake

SWALI: Shikamoo shangazi. Mi ni mama wa watoto watatu, nakaa Mwanga hapa Kigoma. Binti yangu wa mwisho yuko kidato cha pili, anapenda gemu kuliko kula. Kaka zake walikuwa wanampa pedi ya gemu mbovu, haiendi kushoto, juzi kachukua bisibisi kaifungua kaisafisha kwa spiriti ikapona, basi wakampokonya eti mpira sio wa wanawake kaa utazame. Sasa mwakani anataka kuacha fizikia, kisa kaka mtu kamwambia ni somo la madume. Baba yao anasema gemu ndo zinamharibu, nizifungie kabatini. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza pedi irudi kwa fundi wake, leo leo.

Mumeo ana kaukweli, gemu nyingi zimemuweka mwanamke pembeni kama pambo. Donkey Kong ya 1981 yule dada kazi yake ni kutekwa na jitu la sokwe, asubiri seremala apande ngazi kumuokoa. Mi hunichekesha, maana miaka 21 nyuma, 1960, binti wa Kiingereza Jane Goodall alikuwa ameshashuka na boti hapo Gombe, jirani zenu kabisa, hana hata digrii, anawafuata sokwe milimani na daftari lake mpaka akamuona mmoja anachomeka jani kwenye kichuguu kuvua mchwa. Hakuna aliyekuja kumuokoa.

Na hao vijana waambie gemu ya mpira FIFA 16, iliyotoka 2015, iliingiza timu 12 za taifa za wanawake. River Raid je, ile ya ndege ya 1982? Kaiandika mwanamke, Carol Shaw.

Kwa hiyo usifungie kitu. Kaa naye wakati anacheza, frikiki ikipinda muulize kwa nini. Mpira unajizungusha, unaitupa hewa upande huu na hewa inausukuma upande ule, ndo fizikia hiyohiyo anayoikimbia, na pedi keshaifungua mwenyewe kwa mikono yake! Mpeleke kwa mwalimu wa fizikia kabla hajajaza fomu ya kuchagua masomo, aeleze hiyo habari ya bisibisi. Mkipata kompyuta mahali mwekeeni Scratch, programu ya kutengenezea gemu, ni bure, atengeneze kagemu kake, ataamua mwenyewe nani anamuokoa nani.

Hao kaka zake pedi ikifa tena, wamlipe ufundi.