Ramani ya matumizi ya ardhi ya wenyeji: msiamini sehemu nyeupe

Mkuu, umeuliza kama siku tano na GPS moja zinatosha kuchora matumizi ya ardhi ya wenyeji ili yaingie kwenye tathmini ya athari kwa mazingira. Hazitoshi. Nasema hivyo kwa sababu nilishaharibu.

Kazi yangu ya kwanza tulizunguka kiangazi na wazee watatu, wote wanaume. Tukapata visima, makaburi, njia za mifugo. Ramani ikapendeza kweli. Mwekezaji akafanya uungwana, akaiondoa barabara makaburini na kuipitisha palipobaki peupe. Kumbe ndipo akina mama wanapochimba mizizi ya dawa wakati wa masika! Sisi tulikuwa tumeandika "hakuna matumizi" mahali pa kuandika "hatukuuliza".

Siku hizi GPS inakuja mwisho, kuhakiki tu. Natandika karatasi kubwa yenye mito na vilima, nakaa na mtu mmoja mmoja, wanawake na vijana wakiwemo, namuuliza aliyoyafanya yeye mwenyewe: umevua wapi, umelala wapi, umewinda nini, mwezi gani, mara ya mwisho lini? Usiulize "watu wa hapa huwinda wapi", utapewa hadithi, na wakili wa mradi ataipangua kwa dakika moja. Kila alama ibebe namba ya aliyeitoa. Mistari ya mtu mmoja haitishi, ila ukiipanga ya watu sitini juu kwa juu, lile "pori tupu" linatoweka.

Kule Kanada, Wadene, wenyeji wa asili wa kaskazini, walipeleka ramani za njia zao za uwindaji na mitego kwenye uchunguzi wa Jaji Thomas Berger kuhusu bomba la gesi la Bonde la Mackenzie. Ripoti yake ya 1977, baada ya kuwasikiliza wenyeji kijiji kwa kijiji, ilishauri ujenzi usubiri miaka 10.

Sehemu za matambiko usizitie nukta. Chora duara pana, na wenyeji waamue nani aone nini. Data ghafi ibaki kwao, na mkubaliane hivyo kwa maandishi kabla hamjaanza kuchora. (Hapa ndipo washauri wengi hukunja uso.)

Halafu kuna jambo ambalo hukulitaja. Ramani hii husaidia kuchagua njia ya mradi. Njia ikishachaguliwa, ramani mtaitumia kukadiria fidia tu. Kwenu njia imeshachaguliwa?