Barua kwa mwanangu: Suratul-Maun na wanaosali

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Barua yako nimeipata na nimeisoma zaidi ya mara moja. Unasema kwamba tangu ulipoanza kuzingatia maana ya sura fupi unazozisoma katika sala, Suratul-Maun imekutia hofu, hasa pale Mwenyezi Mungu anaposema, “Ole wao wanaosali.” Unauliza inakuwaje ole ikaelekezwa kwa wenye kusali ilhali wapo wasiosali kabisa, na kama wewe, ambaye mawazo hukuchukua katikati ya rakaa hata ukasahau umesoma nini, umo miongoni mwa wanaotishwa. Tena umedokeza mwishoni kwamba siku hizi hutoi sadaka mbele ya wenzako kazini kwa kuchelea riya, yaani kufanya wema ili uonwe na watu. Nitakujibu yote mawili pamoja, kwani ijapokuwa umeyaandika mbalimbali, sura hii inayagusa yote.

Kwanza, usiisome aya ya nne peke yake. Sura hii ni ya 107 katika msahafu na ina aya 7 tu, nazo zinashikana kiasi kwamba mwenye kukomea kwenye “Ole wao wanaosali” ameipindua maana. Inaanza kwa swali: je, umemwona yule anayekadhibisha malipo ya Siku ya Kiyama? Mtu angetarajia kuambiwa kwamba huyo ni mwabudu masanamu, au ni yule anayesema kuwa mifupa iliyooza haitafufuliwa. Lakini Mwenyezi Mungu anamtambulisha kwa kitendo chake kwa mnyonge: huyo ndiye anayemsukuma yatima, wala hahimizi kulishwa kwa maskini.

Ili uone uzito wa aya hiyo, kumbuka Makka ya wakati ule. Mtu alilindwa na baba yake na ukoo wake, na mali ya marehemu ilichukuliwa na wanaume wenye uwezo wa kubeba silaha, kwa hiyo mtoto aliyefiwa na baba aliweza kukosa ulinzi na urithi kwa pamoja. Wafasiri wametaja majina ya watu wanaosemekana kuwa sababu ya kushuka aya hizi, akiwamo al-As bin Wail, al-Walid bin al-Mughira na Abu Jahl, na imepokewa pia kwamba alikuwapo mkubwa mmoja wa Makureshi, kabila la watu wa Makka, aliyekuwa akichinja ngamia kila wiki. Akaja yatima kumwomba kipande cha nyama, naye akampiga kwa fimbo yake. Mimi sitilii mkazo jina la mtu, kwa kuwa Qurani yenyewe haikulitaja, na imeacha swali lake wazi ili kila msomaji aangalie pembeni yake na ndani ya nafsi yake. Ila hiyo fimbo uikumbuke. Nyama ilikuwapo tele, mchinjaji alikuwa na desturi ya kuchinja, na mtoto hakuomba zaidi ya kipande.

Kumbuka vilevile ni nani aliyekuwa akiteremshiwa maneno haya. Mtume (s.a.w.) alifiwa na baba yake kabla hajazaliwa, akafiwa na mama yake, Bibi Amina, akiwa na umri wa miaka 6, na babu yake Abdul-Muttalib akiwa na miaka 8, mpaka akaingia katika malezi ya ami yake Abu Talib. Alipowasomea watu wa Makka habari ya anayemsukuma yatima, alikuwa akiwasomea jambo alilolijua tangu utotoni.

Hebu zingatia pia neno “hahimizi.” Mwenyezi Mungu hakusema tu kwamba mtu huyo halishi, amemlaumu kwa kutowahimiza wengine, lawama ambayo imekuja pia katika Suratul-Fajr. Kwa hiyo hata asiye na kitu hana udhuru, maana ulimi anao. Hapo nitaparudia, kwa sababu ndipo lilipo jibu la swali lako la pili.

Sasa tuje kwenye sala. Wanazuoni wengi wanasema sura yote iliteremka Makka, na wengine wakasema nusu yake ya mwisho iliteremka Madina na inawahusu wanafiki, kwa hoja ya kwamba Muislamu wa Makka katika miaka ya mwanzo hakuwa na faida yoyote ya kujionyesha kwa sala, kwani sala ilimletea mateso. Hoja hiyo naiona ina nguvu. Hata hivyo, vyovyote itakavyokuwa, Mwenyezi Mungu ameziweka aya hizi pamoja katika sura moja, na ole ya aya ya nne imefungwa na sifa tatu zinazofuata: wanaghafilika na sala zao, wanajionyesha, na wanazuia msaada mdogo.

Ama hiyo kughafilika iliyokutisha, swali lako liliulizwa zamani. Mus'ab, mtoto wa sahaba Saad bin Abi Waqqas, alimuuliza baba yake kuhusu aya hiyo hiyo: ni nani kati yetu asiyesahau, na ni nani asiyezungumza na nafsi yake ndani ya sala? Saad, ambaye ni mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo, akamjibu kwamba siyo hilo. Makusudio ni kuipoteza sala kwa kujishughulisha na mengine mpaka wakati wake ukapita. Na Mtume mwenyewe aliwahi kusahau. Aliwasalisha watu sala ya rakaa nne akatoa salamu baada ya mbili, na watu wakanyamaza kwa kumstahi, mpaka sahaba aliyejulikana kwa jina la Dhul-Yadayn akamuuliza: sala imepunguzwa au umesahau, ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu? Alipohakikishiwa na wengine, akakamilisha zilizobaki kisha akasujudu sijda mbili. Sijda ya kusahau isingewekwa katika sheria lau kila mwenye kusahau angekuwa ameingia katika ole.

Mtu anayetishwa hapa ameelezwa katika hadithi ya sahaba Anas iliyopokewa na Imamu Muslim, mkusanyaji wa hadithi: anakaa akilingoja jua mpaka linakaribia kuzama, kisha anainuka akazidonoa rakaa nne harakaharaka, hamtaji Mwenyezi Mungu ndani yake ila kidogo. Huyo hakuchukuliwa na mawazo. Sala kwake ni mzigo, na akionwa na watu ndipo anapoitengeneza.

Kisha sura inamalizia kwa jambo dogo kuliko yote, na jambo hilo ndilo lililoipa sura jina lake. Wapo masahaba waliosema maun, yaani huo msaada mdogo, ni zaka. Sahaba Ibn Mas'ud alisema kwamba zama za Mtume wao walikuwa wakihesabu maun kuwa ni kuazimana ndoo na chungu. Fikiri, mwanangu: ndoo inayorudishwa baada ya maji kutekwa, chungu kinachorudishwa baada ya chakula kuiva. Mwenye kuazimisha hapungukiwi na chochote, na bado yupo anayesali safu ya mbele na ndoo yake akaificha. Mtu anayetarajia kusimama mbele ya Mola wake na kuulizwa hawezi kulifanya hilo kwa utulivu wa moyo. Ndiyo sababu mimi naona anayetajwa mwanzo wa sura na anayetajwa mwisho wake wana ugonjwa mmoja: wote wawili wanaishi kana kwamba hakuna hesabu. Basi unapotaka kujua kama umo katika ole hiyo, usiishie kuhesabu mawazo yaliyokupitia katika rakaa. Jiulize sala yako unaisali kwa wakati wake, na jiulize wa mwisho aliyekujia na haja ndogo alirudi na nini.

Kuhusu sadaka, ni kweli kwamba kuificha ni bora. Suratul-Baqara imesema mkizidhihirisha sadaka ni vizuri, na mkizificha mkawapa mafakiri ni bora zaidi kwenu. Lakini wewe hukuanza kutoa kwa siri, uliacha kutoa. Fudhayl bin Iyadh, mwanazuoni wa zamani, alisema kwamba kuacha amali kwa ajili ya watu ni riya, na ninaogopa kwamba njia uliyoichagua kuikimbia riya imekurudisha humo humo. Tena umejinyima lile la kuhimiza. Sahaba Jarir bin Abdillah amesimulia kwamba walikuja kwa Mtume watu wa kabila la Mudhar, miguu mitupu, wamevaa vipande vya sufu vilivyotobolewa shingoni, na uso wa Mtume ukabadilika kwa kuuona ufukara wao. Akasali na watu, kisha akawahutubia watoe, hata kama ni nusu ya tende. Akaja mtu mmoja wa Ansari, wenyeji wa Madina waliompokea Mtume, na mfuko ambao mkono wake ulikaribia kushindwa kuubeba, akauweka mbele ya kila mtu. Hapo watu wakafuatana mpaka yakapatikana marundo mawili, la chakula na la nguo, na uso wa Mtume ukang'aa. Akasema kwamba mwenye kuanzisha mwendo mwema katika Uislamu ana ujira wake na ujira wa watakaoufuata, bila ya wao kupunguziwa chochote.

Kwa hiyo mchango ukipitishwa tena hapo kazini, toa pamoja na wenzako, na ukipenda uongeze wako wa siri baadaye.

Wasalaam,
Mama yako