Mtepe si jahazi

Uliyeuliza kama mtepe ndio jahazi lile lile: la, ndugu yangu. Mtepe, chombo cha baharini cha kale cha Waswahili, ulishonwa. Haukuwa na msumari hata mmoja. Mbao zilitobolewa kwa kekee, chombo cha kutobolea, zikafungwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka wa mraba. Jahazi lina misumari, na tanga lake huning'inia kwenye foromali, mti wa tanga, iliyolala mshazari. Mitepe ilitoweka karne iliyopita, ila Makumbusho ya Lamu yana mifano yake midogo.

Majahazi ndiyo yaliyoijaza Bandari ya Kale hapa Mombasa, chini ya Ngome ya Yesu: yakija na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, kutoka Arabuni na tende na papa mkavu, yakirudi na kusi, upepo wa kutoka kusini, na boriti za mikoko tele.

Na kuyatunza majahazi? Chombo cha mbao hufa kikiachwa juani. Mbao hukauka, maungo yakaachana. Fundi hupiga kalafati, pamba iliyorowa mafuta ikigongwa kwa patasi hadi iingie ndani, halafu hupaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta, kwenye sehemu inayokaa chini ya maji, kuzuia wadudu wanaotoboa mbao. Rangi pekee, hiyo ni urembo tu.