Baba kupangiwa mionzi mara moja tu

SWALI: Daktari, shikamoo. Baba yangu ana saratani ya tezi dume iliyosambaa hadi kwenye mfupa wa nyonga, na usiku halali kwa maumivu. Hospitalini Mwanza tumeambiwa atapata tiba ya mionzi mara moja tu, ilhali jirani yetu alitibiwa kwa wiki kadhaa. Ndugu wanasema mzee amekatiwa tamaa. Je, ni kweli? Na akirudi, wajukuu wanaweza kumkaribia?
Msomaji, Nansio, Ukerewe

JIBU: Marahaba. Hapana, baba hajakatiwa tamaa, na ninaomba ndugu zako wasimzuie kupanda kivuko kwa sababu hiyo. Inawezekana jirani yenu alitibiwa kwa lengo la kuuangamiza uvimbe wote, na katika tiba ya namna hiyo dozi kubwa hugawanywa kidogo kidogo kwa wiki nyingi ili sehemu nzima za mwili zilizo karibu zipate muda wa kupona. Kwa mfupa uliovamiwa na saratani iliyoanzia kwingine, lengo kuu ni kutuliza maumivu, na tafiti nyingi zimeonyesha kwamba dozi moja ya grei 8 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) huyatuliza sawa na grei 20 zinazotolewa kwa siku 5, au grei 30 kwa siku 10. Wagonjwa takriban 6 kati ya 10 hupata nafuu. Ni kweli kwamba waliopata dozi moja huhitaji kurudiwa mara nyingi zaidi baadaye, lakini kurudiwa kunawezekana, na kwa mzee ambaye kila mtikisiko wa safari humchoma nyongani, mimi ningechagua siku hiyo moja.

Mionzi yenyewe huchukua dakika chache na haiumi. Kinachowatesa wagonjwa wengi ni kulala bila kujigeuza juu ya meza ngumu, kwa hiyo ombeni apewe dawa ya maumivu mapema, kabla hajaitwa ndani.

Siku chache za mwanzo maumivu yanaweza kuongezeka, nanyi msidhani tiba imeshindwa, kwani nafuu kwa kawaida huja ndani ya wiki 2 hadi 4. Kama anatumia mofini, asiiache ghafla. Daktari ndiye atakayeipunguza. Hata maumivu yakiisha, mfupa huchukua miezi kupata nguvu, hivyo aendelee na mkongojo na asibebe ndoo ya maji.

Wajukuu wamkumbatie bila hofu, maana mionzi ya mashine haibaki mwilini.

Jambo moja halisubiri tarehe ya kliniki: akianza kulegea miguu, kufa ganzi kiunoni au kushindwa kukojoa, huenda uti wa mgongo umebanwa, na anapaswa kufikishwa hospitali siku hiyohiyo.