Kiongozi "shupavu" au "mshupavu"?

Ndugu, umeuliza kama tuandike "kiongozi shupavu" au "kiongozi mshupavu", na kama neno hilo ni sawa na "jasiri".

Andika "mshupavu". Kivumishi ni -shupavu, kutokana na kitenzi shupaa, yaani kukaza na kuwa mgumu, kwa hiyo hufuata ngeli. Ukisita, weka -kubwa mahali pake: kiongozi mkubwa, kiongozi mshupavu, majeshi makubwa, majeshi mashupavu, timu kubwa, timu shupavu. Kosa baya zaidi ni "ulinzi ushupavu". Sema "ulinzi mshupavu". "Kiongozi shupavu" limezagaa redioni na magazetini, na huenda halitang'oka tena, ila kwenye mtihani usilithubutu.

"Jasiri" halibadiliki: mtu jasiri, watu jasiri. Tena maana zinapishana. Jasiri haogopi kuingia hatarini. Mshupavu akishaingia, harudi nyuma hata akibanwa. Anayeacha kazi baada ya pigo la kwanza anaweza kuwa jasiri, mshupavu si yeye. Angalia tu muktadha, kwani -shupavu huweza pia kumaanisha mbishi. "Mtoto mshupavu" kwenye barua ya mwalimu inaweza isiwe sifa.

Kwa namna ya kutenda, tumia "kwa ushupavu": walitetea ardhi yao kwa ushupavu.